Vijana wa Tanga kuandikiana na vijana wa Somalia: tunatafuta marafiki au tunatafuta mradi?

Kuna wazo linazunguka kwa vijana hapa Tanga, la kuanzisha urafiki wa kalamu na wenzao wa Mogadishu na Kismayu, lengo ni kuwapa moyo vijana ambao nchi yao inajijenga baada ya vita, na kila likitajwa kijiweni watu wanagawanyika, hawa wanasema safi sana, wale wanasema mnajitafutia matatizo. Mimi naliunga mkono ila sio kwa sababu zinazotajwa sana, na wanaolipinga nao sio wajinga hata kidogo.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hiyo "baada ya vita". Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, serikali ya shirikisho ikaja 2012, Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kwenye makaratasi sisi na wao ni nyumba moja. Lakini Al-Shabaab bado wapo na wanashika maeneo, na lile bomu la Oktoba 2017 Mogadishu liliua watu zaidi ya 500, kijana wa miaka 20 wa pale analikumbuka vizuri tu. Sasa wewe unamwandikia "pole kwa vita iliyopita" wakati mwenzio hajui kama imepita!

Hoja nzito ya wanaopinga ni usalama. Tanga tuna kumbukumbu zetu, Februari 2015 polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha kule mapango ya Amboni, na mtaani jina la Al-Shabaab likaanza kutajwa hata kabla watu hawajajua kinachoendelea. Mzazi wa Chumbageni akikuta simu ya mwanae ina meseji za namba za Somalia hatalala, na simlaumu, maana makundi ya namna ile huwavuta vijana hivyo hivyo, inaanza stori, urafiki, kuulizana kuhusu dini, halafu ahadi ya kazi. Kwa hiyo kijana kuchukua namba mtandaoni na kuanza kuchati peke yake usiku, hapana. Barua zipitie shuleni au kwenye kikundi, mwalimu ajue nani anamwandikia nani, hasa wale walio chini ya miaka 18, na kwa wasichana ndio kabisa, huyo "dada" wa upande wa pili anaweza kuwa baba mzima.

Hoja yao ya pili mimi naiona nzito kuliko hiyo ila inasemwa kidogo. Kwamba hivi vitu vikianza kwa jina la msaada vinaharibika. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutanisha watu wa makundi tofauti hupunguza chuki pale wanapokuwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana na wakubwa wao wanaunga mkono. Angalia hiyo hadhi sawa. Ukimwandikia mtu kama mhanga na yeye atakujibu kama mhanga, atakusimulia mabaya tu kwa sababu ndio umeyaagiza, na barua ya tatu itakuja na ombi la pesa, halafu wewe utakimbia na utasema Wasomali ombaomba. Na kichekesho ni kwamba Wasomali walioko nje wanatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, unaweza kukuta huyo unayemhurumia ana simu kali kuliko yako na wewe wa Mabawa unadaiwa kodi. Nani amsaidie nani hapo?

Halafu kuna ishu ya kuachana njiani. Si tunaambiwa Tanga waja leo warudi leo, basi miradi ya vijana ndio hivyo hivyo, mfadhili akiondoka na barua zinakata. Kwa kijana ambaye ameshapoteza watu, rafiki kupotea bila neno sio jambo dogo, bora asingeanza naye.

Pamoja na yote hayo bado nasema iwepo, na sababu yangu iko Handeni. Karne ya 19 Wazigua walichukuliwa huku kwetu wakauzwa utumwani bonde la mto Juba huko kusini mwa Somalia, vizazi vikapita na Kizigua hakikufa. Vita ya 1991 ilipowapiga, na wao waliumia sana maana hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, wengine wakakimbilia Kenya, na kutoka huko Marekani ikaja kuchukua kama 12,000 wa jamii za Wabantu wa Somalia, wengine wakapanda vyombo mpaka Tanga. Wakawekwa kambi ya Mkuyu, baadaye makazi ya Chogo, Handeni, na wengi wamepewa uraia. Yaani mkoa huu una vijana ambao wazazi wao ndio hiyo Somalia yenyewe, na sisi tunaongea kana kwamba Somalia ni sayari nyingine, kijana wa Ngamiani anaijua kwa maharamia na mabomu basi.

Hapo ndipo barua inafanya kazi ambayo taarifa ya habari haifanyi. Anaeleza mpira wa mtaani, mtihani, mama yake anavyopika, bahari yake na bahari yako ni hiyo hiyo. Vita akitaka ataisema mwenyewe, usimuulize.

Karatasi au simu? Wenye umri wetu wanakumbuka fomu za kutafutiwa marafiki wa kalamu za International Youth Service ya Finland, ilianza 1952 ikafungwa 2008, zama zake zilipita. Posta ya Somalia nayo ilikufa na vita, ikarudi kupokea barua za nje 2013. Mimi ningesema barua iandikwe kwa mkono, ipigwe picha, mwalimu aitume wasap, inafika leo na bado mtu amekaa chini akafikiria alichoandika.

Na isianzie mjini. Ianzie kwa vijana wa Chogo na wenzao walioko Kismayu na Mogadishu, sio wale wa vijiji vya bonde la Juba vilivyo chini ya Al-Shabaab ambako barua ya nje inaweza kumponza mtu, halafu sisi wa mjini tuombe kujiunga.