Glikolisisi ifundishwe kuanzia kwenye breki

Wiki iliyopita nilikaa na mdogo wangu anayejiandaa na mtihani wa baiolojia, nikakuta amebandika ukutani zile hatua 10 za glikolisisi, yaani njia ambayo seli inavunjia sukari kupata nishati, ameziandika kwa kalamu za rangi, na anazitaja zote bila kuangalia. Nikamuuliza swali moja tu, seli inajuaje saa ya kuacha? Akanyamaza. Akasema kaka hilo hatujafundishwa.

Na kweli hata mimi sikufundishwa. Nilikariri majina yote yale, nikafaulu, baada ya muda yakanitoka kichwani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba utamu wote wa hii mada uko kwenye namna seli inavyojizuia.

Hesabu yenyewe iko wazi, wala siipingi. Glukosi ina kaboni 6, inakatwa inakuwa piruveti 2 zenye kaboni 3 kila moja, unatoa ATP 2 (molekuli inayobeba nishati ya seli) mwanzoni unarudishiwa 4 mbele kwaiyo faida ni 2, alafu oksijeni ikiwepo piruveti zinaingia mitokondria, vile vyumba vya nishati ndani ya seli, na jumla inafika ATP 30 au 32 hivi. Shida ni kwamba ukiishia hapo unabaki na picha ya bomba lililoachwa wazi, sukari inaingia huku nishati inatoka kule, wakati mwili haufanyi hivyo hata kidogo. ATP haiwekwi ghalani. Iliyopo mwilini kwa wakati mmoja ni kidogo sana ila matumizi ya siku nzima yanakaribia uzito wa mtu mwenyewe, manake kila molekuli inatumika na kutengenezwa upya mara nyingi mno kwa siku. Kitu kama hicho lazima kitengenezwe kwa kadiri kinavyotumika, sio zaidi sio pungufu, na hapo ndo swali la breki linapokuja.

Breki kubwa iko hatua ya tatu, kwenye kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya seli) kinachoitwa fosfofruktokinesi. Mdogo wangu akauliza kwa nini isiwe hatua ya kwanza, na nilifurahi sana kusikia hilo swali manake jibu lake ni zuri. Glukosi ikishapita hatua ya kwanza bado haijaamuliwa iende wapi, inaweza kwenda kuhifadhiwa kama glikojeni, akiba ya sukari mwilini, au ikachepuka njia nyingine inayosaidia kutengeneza vipande vya DNA. Ikivuka hatua ya tatu ndo basi, imeshaingia njia ya kuvunjwa. Kwaiyo seli imeweka mlinzi pale ambapo safari inakuwa haina kurudi. Na mlinzi akifunga geti foleni inarudi nyuma yenyewe, ile glukosi-6-fosfati, yaani glukosi iliyobandikwa fosfati hatua ya kwanza, inajaa hadi inakizuia kimeng'enya kilichoitengeneza, ambacho ni heksokinesi, na hakuna aliyetoa amri kutoka juu.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kinachofunga hilo geti ni ATP yenyewe. Mdogo wangu akaniuliza, sasa si hiyo hiyo ATP inatumika kwenye hatua hiyo hiyo, inakuwaje iendeshe na izuie? Kile kimeng'enya kina sehemu mbili za kushika ATP, moja ni ya kazi, ATP inakaa pale inatoa fosfati, na nyingine iko pembeni na haiishiki ATP kirahisi, kwaiyo hadi ATP iwe nyingi ndo ile ya pembeni inajaa, na ikijaa kimeng'enya kinabadilika umbo kinalegea. Ikiwa kidogo breki inaachia. Yaani bidhaa inajipimia yenyewe dukani kama imejaa au la.

Ila kuna tatizo, seli hairuhusu ATP ishuke sana, ikishuka sana inakufa, sasa itasikiaje upungufu mdogo? Hapo inaingia AMP, ambayo ni ATP iliyobaki na fosfati moja badala ya tatu. Seli ikibanwa inachukua ADP 2 (zenye fosfati mbili kila moja), fosfati ya mmoja inahamia kwa mwenzake, inapata ATP 1 na AMP 1. Na kwa sababu AMP kawaida ni chache mno kulinganisha na ATP, ATP ikipungua hata kwa sehemu moja ya kumi tu AMP inapanda mara kadhaa, na hiyo AMP inakwenda kuachia breki. Kashuko kadogo kamegeuzwa kelele kubwa. Mi sijaona kitu kizuri kama hiki kwenye somo lote, alafu kwenye vitabu vingi vya shule hakipo kabisa.

Anayesema hayo ni magumu, aanze na hatua kwanza, naomba aangalie historia. Louis Pasteur aliandika mwaka 1861 kwamba hamira ikipata hewa inakula sukari kidogo kuliko ikinyimwa. Hiyo ni breki, manake hewa ikiwepo ATP inakuwa nyingi na geti linafungwa! Aliiona kabla hata hatua moja haijajulikana, manake ni mwaka 1897 ndo Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kwenye hamira, bila seli hai ndani yake, bado yanachachusha sukari, na njia nzima ilikuja kukamilika kujulikana kama 1940 hivi. Watu walianza na swali, sisi tunaanza na majibu.

Na madhara ya kukariri yanaonekana hata mtaani. Bado watu wanaambiana kwamba maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mazoezi ni laktiki, ile ambayo seli inaitengeneza kutoka kwenye piruveti, wakati laktiki huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja au mbili hivi, moyo unaitumia kama chakula na ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Seli inaitengeneza ili kurudisha NAD, kisaidizi kinachohitajika katikati ya hatua, itumike upya na glikolisisi isikwame, basi.

Mwisho mdogo wangu akaniuliza kama haya yana kazi yoyote nje ya mtihani. Nikamwambia kuhusu kipimo cha PET cha saratani, kinachopiga picha ndani ya mwili. Otto Warburg aliona miaka ya 1920 kwamba seli za saratani zinafakamia glukosi hata oksijeni ikiwepo, na kwenye hicho kipimo mgonjwa anachomwa glukosi iliyowekewa florini yenye mionzi kwenye kaboni ya pili. Inaingia kwenye seli, heksokinesi inaibandika fosfati kama kawaida, alafu hatua ya pili inashindwa kuendelea nayo, inanasa pale pale. Kwenye picha panawaka palipoila kwa wingi.

Akaenda ukutani, akaweka duara kwenye hatua ya kwanza, pale heksokinesi inapobandika fosfati.