Baruti ya Wales, reli ya Zigi

Huu ni mwaka wangu wa tisa Cardiff, mji mkuu wa Wales kule Uingereza, na kila baridi ikilegea wenzangu wa kazini hunichukua kwenda kutembea kwenye misitu ya Bannau Brycheiniog, hifadhi ya milima kaskazini mwa mji. Njia tunayoipenda ni ya mzunguko, kilomita nane hivi. Mtu wa kawaida anaimaliza, ila magoti yawe mazima, maana mizizi na ngazi za mawe haziishi. Inapita maporomoko manne ya mito Mellte na Hepste. Moja, Sgwd yr Eira, unapita nyuma yake: mwamba umejitokeza juu, njia iko chini yake, zamani wachungaji wakipitisha kondoo humo. Maji yanashuka mbele ya uso kama pazia, huwezi kumsikia mwenzako hata akikupigia kelele sikioni, na ukitokeza upande wa pili umelowa mpaka soksi.

Lakini kilichonifanya niandike ni magofu yaliyo chini zaidi, upande wa Pontneddfechan. Kando ya Mellte kulikuwa na kiwanda cha baruti, kilichoanza 1857 kikafungwa 1931. Baruti yake ilipasua miamba kwenye migodi na machimbo. Walikiweka bondeni kwa sababu mto uliendesha mitambo, na majengo wakayatawanya mbalimbali ili moja likilipuka lisichukue la jirani. Leo zimebaki kuta zilizoota kangaga, na vibao vinavyokueleza ulipofika. Vimeandikwa kwa Kiwelsh na Kiingereza, na Kiwelsh, lugha ambayo kuna wakati watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuizungumza, ndiyo ya kwanza kwenye kibao.

Mara ya mwisho nilimkuta hapo bibi mmoja na mjukuu wake, mtoto wa miaka sita au saba. Bibi alimshika mkono, akakiweka kiganja chake ukutani, akamwambia baba wa babu yake alifanya kazi nyuma ya ukuta ule. Mtoto hakuuondoa mkono. Nilisimama pale na begi langu mgongoni nikaona wivu, wivu kabisa, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga.

Nimemaliza shule Tanga mjini bila kukanyaga msitu wa Amani. Ni Muheza tu, kisha unapanda mlima. Maji niliyokunywa utoto wote yalitoka mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu hiyohiyo ya Usambara Mashariki, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuonyesha yanakotoka. Kwetu msitu ulikuwa mahali pa watafiti na wageni wenye kamera.

Likizo iliyopita nikasema hapana. Nilishuka Muheza, nikamwamkia mjomba, akanijibu, "Marahaba mjomba, hivi kweli umetoka Ulaya kuja kutembea porini?" Tukaenda wote. Pale Zigi nyumba ya zamani ya stesheni bado imesimama. Wajerumani, waliofungua kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapo, mbao zikawa zinashushwa kwa treni. Reli ilishang'olewa, lakini tuta lake ukielekezwa unaliona, limenyooka kwa namna ambayo mlima haunyooki wenyewe. Nani walilichimba? Nimesoma majina ya mabwana wa kile kituo. Jina la mchimba tuta hata mmoja sijalikuta.

Mjomba hakuwa na kibao, alikuwa na kidole. Huu mtambara. Huu msambu, tunda lake kubwa, mbegu zinatoa mafuta. Hapa chini ya kivuli palikuwa na iliki ya mama yake, na akaniambia walivyokuwa wakiteremka nayo kichwani mpaka Muheza alfajiri. Mbega walikuwa juu yetu, hondohondo wakapita, mabawa yanavuma kama feni mbovu. Tulipofika penye maporomoko alivua viatu akatia miguu majini bila kusema neno, mzee wa miaka sabini.

Kule Wales nimetembea na watu wazuri sana, na sijakutana na mmoja anayeujua mti kwa jina na kazi yake hivyo. Hilo sisi tunalo. Wenzetu wanatushinda kwa kulipeleka kwa mtoto. Ninapomsikia mtu wa kwetu akisema kutembea msituni ni mambo ya Wazungu, naumia, kwa sababu mama yake mjomba aliitembea njia ile maisha yake yote na mzigo kichwani. Njia ni yetu kabla haijawa ya mtalii yeyote.

Kuna duka la vyakula karibu na kwangu Cardiff, mlangoni wanauza maua ya zambarau katika vikopo vidogo, majani yana manyoya laini. Wanayaita urujuani wa Afrika. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa Wajerumani Tanga, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata ua likapewa jina la familia yao, Saintpaulia. Dunia nzima inalo dirishani. Asili yake ni miamba yenye unyevu ya kwetu, na nililiona mara ya kwanza dukani, ugenini, nikiwa mtu mzima.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Ninachotaka ni kila shule ya Tanga ipeleke watoto angalau mara moja, na kila kituo cha njia kisomeke kwa Kiswahili, na Kisambaa na Kibondei vikae pembeni yake. Na wazee kama mjomba walipwe kusimulia, wakiwa bado na miguu ya kupanda.

Mimi naanza na wa nyumbani. Januari nawachukua watoto watatu wa dada yangu, kila mmoja na daftari la majina ya miti. Nimeshampigia simu mjomba. Amekubali, ila amesema wavae viatu vya kufunga, maana tuta lile likipata mvua linateleza.