Wa hoteli asome kwadratiki ya nini?

Hapa Malindi ukikaa na vijana wa koleji hata dakika kumi lazima hii mada itoke, ati mtu amekuja kusomea hoteli au utalii, sasa hii aljebra yamfuata ya nini? Na hawasemi zile za kujumlisha na kutoa, wanasema aljebra ya kati, milinganyo ya x na y kwa pamoja, kwadratiki (ile yenye skwea, yaani x mara x), vipeo, vipeuo, grafu zinazopinda, yaani ile ngazi ya juu ya hesabu za kawaida ila bado hujafika kalkulasi. Wa umeme na mekanika hawapigi kelele sana (wanapiga, lakini wanajua hawana pa kukimbilia). Wanaolia ni wa hoteli, wa usekretari, wa ushonaji.

Na hao wanaotaka itolewe wana hoja, tusiwachukulie kama wavivu tu. Angalia Marekani, huko koleji nyingi aljebra ya kati ilikuwa ndo geti lenyewe, hujaipita basi digrii husogei hata kama unasomea historia. Mwaka 2016 watafiti wa CUNY, kile chuo kikuu cha jiji la New York, walitoa matokeo ya jaribio lao, walichukua wanafunzi walioonekana hawajaiva kihesabu wakawagawa kwa kura, wengine wakapelekwa aljebra ya mwanzo na wengine wakaingizwa moja kwa moja takwimu ya koleji wakiwa na darasa la msaada pembeni. Wa aljebra walipita asilimia 39, wa takwimu asilimia 56. Watu wa aina moja, uwezo ule ule. Mwaka uliofuata, 2017, California State University ikalegeza, kozi ambazo hazihitaji aljebra ya kati haikuwa sharti tena, na jimbo lenyewe likapitisha sheria ya AB 705 inayozitaka koleji za jamii zimpe mwanafunzi nafasi nzuri ya kumaliza hesabu ya ngazi ya digrii ndani ya mwaka mmoja, badala ya kumzungusha kwenye madarasa ya kurudia mpaka achoke aende zake.

Sasa tuilete huku kwetu. Chukua mwenye boti anayepeleka wageni kuangalia samaki kwenye hifadhi ya bahari. Tuseme akitoza shilingi 1,000 anapata abiria 20, na kila akiongeza mia moja anapoteza abiria mmoja. Atoze ngapi? Darasani utaandika (1,000 + 100x)(20 − x), ufungue mabano, ukamilishe skwea, utoke na x sawa na 5, manake nauli ni 1,500, abiria 15, mapato 22,500. Safi. Lakini mwenye boti mwenyewe hakuandika x yoyote, yeye atakwambia nikiweka 1,200 napata 18, hiyo ni 21,600, nikiweka 1,400 napata 16, ni 22,400, nikiweka 1,600 naona imerudi 22,400, basi nakaa hapo katikati. Kafika pale pale, tena amekaa juu ya ngalawa ya mtu akisubiri maji yajae. Kwa hivo mwanafunzi wa utalii akiuliza kwani nisifundishwe kutengeneza jedwali kama lile, mimi sioni kama ameuliza ujinga.

Ila hapo hapo ndo naanza kuachana na hawa wenzangu wa kutoa. Lile jedwali linakupa jibu la siku moja. Petroli ikipanda, ama ukaongeza boti la pili, ama msimu ukaisha wageni wakapungua na kila mia unayoongeza inakimbiza abiria wawili badala ya mmoja, unaanza upya kukisia, na aliye na mlinganyo anabadilisha namba moja tu amemaliza. Na kuna vitu kukisia kunakudanganya kabisa. Mkopo wa simu wa asilimia 8 kwa mwezi, mtu akiambiwa anaona nane si kitu, na akipiga hesabu ya haraka ya mwaka anasema nane mara kumi na mbili, kwa hiyo elfu kumi itakuwa 19,600. Kumbe deni likizunguka bila kulipwa na riba ikazaa riba ni 1.08 kwa kipeo cha 12, yaani 1.08 kumi na mbili zikizidishwa pamoja, elfu kumi inakuwa elfu ishirini na tano na zaidi. Hicho ni kipeo, na kipeo ni aljebra ya kati, na wanaokopa kwa simu si mainjinia peke yao.

Wa umeme ndo kabisa, huko hakuna mjadala. Hita ya maji ya wati 2,000 imetengenezwa kwa volti 240, ukizungusha fomula ya nguvu (volti mara volti gawanya kwa ukinzani) unapata ukinzani wake om 28.8. Sasa Lamu jioni umeme ukiwa mdogo, volti zimeshuka mpaka 200, mwenye nyumba ya wageni anaita fundi ati hita imeharibika maji hayapati moto. Fundi asiyejua skwea inafanya nini ataona volti zimepungua kidogo tu, moja ya sita, ataanza kufungua hita ya watu. Anayejua atapiga 200 kwa 200 gawanya kwa 28.8, aone imebaki kama wati 1,389, karibu theluthi ya nguvu imekwenda, hita haina makosa yoyote. Tofauti ya hao mafundi wawili ni mgeni kulipishwa spea ambayo hakuihitaji.

Halafu kuna hili la watu wa pwani kujiambia hesabu si zetu. Hilo huwa linaniudhi. Al-Khwarizmi, yule mwanahesabu wa zamani, alipoandika kitabu chake cha aljebra Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, sehemu kubwa kabisa ya kile kitabu ni mirathi na wasia, ndo kazi aliyotaka aljebra iifanye. Na mirathi Lamu nani hajui? Mtu kafa kaacha watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na kausia mpwa wake apewe sawa na fungu la mtoto mmoja wa kiume, shamba ni ekari 7 kule Hindi, upande wa bara wa Lamu. Fungu la mwanamume ni x, binti nusu ya x, mpwa x, jumla tatu na nusu x sawa na 7, x ni 2. Wanaume ekari mbili mbili, mpwa mbili, binti moja. Na wasia haujapita theluthi, kwa hiyo unapita. Kijana aliyesoma faraidhi madrasa anafanya hii kichwani, halafu Jumatatu anaingia darasani anaona x ubaoni anatoa jasho. Hapo shida si aljebra jamani, ni namna inavyoletwa.

Lakini linalonifanya nisiwe upande wa kuitoa ni kitu kingine, ni nani atachagua. Mwaka jana, 2025, kulikuwa na vuta nikuvute hapa Kenya kuhusu sekondari ya juu ya mtaala mpya, mwanzo hesabu ilikuwa si lazima kwa wote, watu wakapiga kelele, mwezi wa nne wizara ikageuza ikasema lazima, ila ziwe mbili, moja nzito kwa walioko njia ya sayansi na nyingine nyepesi ya matumizi kwa wa sanaa na sayansi za jamii. Kwenye karatasi ni jambo zuri, na kusema kweli linafanana na walichofanya Wamarekani. Ila Nairobi mtoto anachagua kwa kuangalia anapenda nini, na Faza au Kiunga huko Lamu mara nyingi atachaguliwa na idadi ya walimu walioko shuleni kwake. Mwalimu wa fizikia hakuna, basi hata iwe ana kichwa cha hesabu anaenda upande mwepesi, na miaka mitatu baadaye anafika koleji akiulizwa mbona hana msingi. Halafu tunalalamika kazi za bandari ya Lamu, gati la kwanza limefunguliwa Mei 2021, zinachukuliwa na watu wa bara. Fundi wa kreni na wa mitambo ya umeme hawaingii kwa hesabu nyepesi. Na si mbali na hapa Malindi, Ngomeni, kulirushwa setelaiti ya Uhuru mwaka 1970, hesabu ya kuifikisha kwenye njia yake ilipigwa na Wataliano na Wamarekani, sisi tulibaki kuhadithiana.

Kwa hivo mimi nasemaje. Wa hoteli na utalii mpunguzieni, kugawanya polinomia na yale majedwali ya logi sioni yanamsaidia nini jikoni wala mapokezi, mpeni milinganyo, asilimia, riba, grafu na takwimu kidogo, na mifano iwe nauli ya boti na bei ya vyumba msimu wa Julai na Agosti, si treni mbili zinazopishana. Wa ufundi isiguswe. Na pawe na muhula mmoja wa daraja kwa yule aliyepita njia nyepesi akataka kuhama, aruhusiwe kusoma ile nzito na kufanya mtihani wake bila kurudishwa mwanzo. Gumu ni karo ya huo muhula, manake mzazi aliyeuza samaki kulipa ada ya mwaka hatatoa tena ya miezi mitatu ya x na y, na hiyo serikali ya kaunti ikiweza kuiingiza kwenye basari nusu ya huu ubishi itakuwa imekwisha.