Mgeni anayeshuka Miritini

Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni kutoka nje milioni 2 hivi. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, hawakufika hata laki 6. Kufikia 2024 walikuwa karibu milioni 2.4, na tangu hapo tunaambiwa utalii umepona.

Tarakimu hizo sizipingi. Ila ni hesabu ya pasipoti. Aliyekuja Nairobi kwa mkutano wa siku 2 yumo. Aliyetoka ng'ambo kuja kumzika shangazi yake yumo, hata kama bahari hakuiona. Familia ya Nakuru iliyoshuka kwenye treni pale Miritini, kituo cha Mombasa, ikalala ufukweni Bamburi siku 4, haimo. Sasa ukitumia hesabu hiyo kumwambia mwenye tuktuk wa Mombasa kwamba mambo yamerudi sawa, unamsomea barua ya mtu mwingine.

Tukumbuke nani alitangulia kurudi. Marufuku ya kuingia na kutoka Mombasa iliondolewa Julai 7, 2020, na treni ikaanza tena kubeba abiria Julai 13. Ndege za kimataifa zilisubiri hadi Agosti 1, nazo zilikuja nusu tupu. Wa kwanza kukanyaga mchanga alikuwa Mkenya wa bara, barakoa kidevuni, amebeba chapati zake kwenye ndoo.

Na hiyo ndoo ndiyo anayosimangwa nayo. Eti hatumii pesa. Nenda Pirates, ufuo wa umma wa Bamburi, Jumapili ya Desemba umwone: amekodi tyubu ya kuelea, watoto wamepandishwa ngamia, mpiga picha kashalipwa, na viazi karai vimeagizwa mara ya pili kwa sababu ya ukwaju. Mzungu aliyelipia kila kitu Ulaya kabla ya kupanda ndege, akavishwa kikuku cha plastiki mkononi, huenda akakaa wiki nzima bila kununua hata dafu nje ya geti.

Wanaomlilia mzungu nao wana hoja, tena nzito. Mgeni wa bara huja kwa kishindo Pasaka, Agosti na Desemba. Shule zikifunguliwa Januari, hayupo. Anayejaza vyumba Januari na Februari ni yule anayekimbia baridi kwao, na bila yeye vibarua wa hotelini huambiwa wangoje kuitwa. Muuza vinyago mmoja wa Bamburi alinimaliza kwa swali: "Mtu wa Machakos nimuuzie kinyago? Si vinachongwa kwao?" Sikuwa na jibu.

Lakini mzungu huyo huyo huondoka kwa tangazo moja la ubalozi. Ghasia za Likoni, Mombasa, za 1997 zilimkimbiza. Mei 2014 Waingereza waliondolewa hotelini katikati ya likizo kwa onyo la serikali yao. Kisha korona. Mara zote 3 tulianza kwa kuwabembeleza maajenti wa Ulaya, huku yule wa bara tukimwona kama kiraka cha msimu mbaya.

Januari 2024, mambo yalipokuwa yanakaa sawa, nauli ya daraja la kawaida ya treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mume na mke, kwenda na kurudi, ni 2,000 zaidi. Hizo ndizo zilizokuwa za tyubu, ngamia na viazi karai.