Kata Isiyohitaji Mkasi

Neno la kwanza kuniponza katika karate lilikuwa «kata». Nimekaa nyuma ya cherehani hapa Kamalondo, mtaa wa jiji la Lubumbashi huku Kongo, kwa miaka 27, na katika muda huo wote, kila mtu aliposema «kata», mkono wangu wa kulia ulijua wenyewe mahali mkasi ulipo. Basi mfikirieni mtu wa namna hiyo, mwenye umri wa miaka 51, amesimama miguu mitupu juu ya saruji asubuhi ya mwezi wa sita, wakati baridi ya Lubumbashi inaposhuka chini ya nyuzi 10 na hata mbwa wanaona tabu kufungua mdomo wabweke. Mbele yake wameketi watahini watatu waliovaa makoti juu ya kimono zao, na yule wa katikati anapaza sauti: «Kata!», akimaanisha ule mfululizo wa miondoko ambao mwanakarate huufanya peke yake. Mkono ukaenda kiunoni kutafuta mkasi. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nilikuwa bado sijapiga hata hatua moja.

Sikuingia katika mambo haya kwa kupenda. Muuguzi alinipima presha, akatazama mashine yake mara mbili, kisha akaniambia kwamba mtu anayeshinda ameketi hana budi kutafuta mazoezi. Mimi nilielewa kwamba nitakuwa nikienda kununua nyuzi mwenyewe badala ya kumtuma mwanagenzi wangu. Lakini jioni moja mwalimu wa karate wa binti yangu, kitinda mimba ambaye sasa ana miaka 13, alinikuta nimesinzia kwenye benchi nikimsubiri mtoto, akasema: «Papa, benchi haliponyi presha. Vua viatu uingie.» Nikavua. Imepita miaka miwili, na tangu jioni ile binti yangu ni mkubwa wangu.

Sisemi kwa mzaha. Katika dojo, yaani ukumbi wa karate, watu hawapangwi kwa umri wala kwa idadi ya watoto waliowazaa, bali kwa rangi ya mkanda, na mimi wa rangi ya chungwa nilikuwa nikisimama chini yake yeye wa bluu. Nyumbani ndiye anayenimwagia maji mikononi kabla ya kula bukari, yaani ugali, lakini Jumanne na Alhamisi jioni ni mimi ninayemwinamia na kumjibu «osu!» kwa sauti ya kijeshi. Naye, kwa kuwa mama yake amemlea vizuri, hawezi kunikemea kama anavyowakemea wengine, hivyo hunisogelea na kuninong'oneza: «Papa, samahani, goti lako halijakunjika.» Afadhali angenikemea. Samahani ile husikika ukumbi mzima, na vijana wote hugeuka kulitazama goti langu kwa huruma.

Ngazi hizi huitwa kyu, nazo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, kama deni la mtu mwaminifu: unaanza na namba kubwa, unashuka hadi 1, ndipo unapoupata mkanda mweusi na kuanza kuhesabu dani kwa kupanda. Mama watoto aliponisikia nikisema kwamba mwaka huu nina kyu ya 6 ninayoitafuta, aliniletea kikombe cha maji.

Sasa nije kwenye mkanda wenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda. Mwezi wa nne mtunza hazina wa chama chetu aliingia kibandani mwangu akitaka mikanda 40 ya rangi mbalimbali kabla ya staji, yaani mafunzo ya pamoja, ya mwezi wa sita. Mkanda wa karate si mkanda wa suruali. Ni kitambaa cha pamba kilichokunjwa mpaka kikapata unene, chenye upana wa sentimita 4, kisha kinapigwa mistari ya mshono kutoka ncha hadi ncha, nami hupiga mistari 10 kwa sababu mistari 8 ni ya watu wenye haraka. Ukichukua urefu wa wastani wa mita 2 na nusu, ukazidisha kwa mistari 10, ukazidisha tena kwa mikanda 40, unapata kilomita 1 kamili ya mshono ulionyooka. Nusu ya kilomita hiyo niliishona usiku, kwa nguvu za mguu, kwa kuwa umeme unaotoka bwawa la Inga husafiri zaidi ya kilomita 1,700 kuja huku kwetu, na baada ya safari ndefu kama hiyo hupenda kupumzika migodini kabla ya kukumbuka Kamalondo. Tulipatana dola 2 kwa kila mkanda. Alinipa ahadi ya dola 80, na ahadi hiyo niliitunza vizuri, maana haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwezi wa tano tangazo likabandikwa: staji ya siku mbili, dola 10, mtihani, dola 15, «pamoja na mkanda». Maneno hayo ya mwisho niliyasoma mara tatu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawakusema kwamba gae hilo mfinyanzi atauziwa. Nilimwendea mtunza hazina nikamwomba kwa adabu akate ada yangu na ya mtoto, jumla dola 50, kwenye zile 80 ninazomdai, ili tubaki na 30 za kuzungumza. Akanishika bega kama mtu anayetoa pole msibani. «Papa Fundi,» akasema, «hayo ni makasha mawili tofauti.» Nimeyatafakari sana maneno hayo na nimeona ukweli wake: kasha moja ni la kuingiza, na lile jingine ni la kutotoa.

Siku ya kujiandikisha nilipeleka noti mbili za dola 20 na moja ya 10. Mtunza hazina, ambaye hajawahi kuutazama mshono wangu kwa muda mrefu hivyo, aliinua moja ya zile noti za 20 juani akagundua kona iliyochanika kiasi cha ukucha wa mtoto, pamoja na doa la mafuta ya cherehani karibu na sikio la yule rais wa Marekani. «Hii haipiti.» Kila mkaaji wa nchi hii anajua kwamba kwetu dola ni kama yai: ikipata ufa, hakuna anayeuliza habari za ndani. Mimi nimeziba suruali zilizoliwa na panya, nimepanua suti ya harusi ya mtu ili imtoshe kuzikiwa, lakini dola ya Marekani imenishinda. Ilinibidi niende kwa kambisti, mmoja wa wale wanaokaa kando ya barabara na vibunda vya falanga mezani, naye akaipokea kwa thamani ya dola 16 huku akinitazama kama mtu anayenifadhili. Dola 4 nzima kwa ukucha wa mtoto.

Staji ilipangwa kuanza saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili kamili tulikuwa watatu ukumbini: mimi, binti yangu na mlinzi. Mgeni wa heshima, bwana mwenye dani ya 6 aliyetoka Kinshasa, aliingia saa tano, tukaimba wimbo wa taifa, kisha tukapigishwa magoti kwa mtindo wa seiza, yaani mtu anakalia visigino vyake kama mkwe anayeomba msamaha, na hotuba zikaanza. Mgeni alizungumza Lingala na Kifaransa, mwalimu wetu akatafsiri. Yale yaliyochukua dakika 10 upande wa Kinshasa yalifika Lubumbashi yakiwa: «Anasema mfanye bidii.»

Alipoingia kwenye historia, hata hivyo, niliisahau miguu yangu, au labda miguu ndiyo iliyokuwa imenisahau mimi. Alisimulia jinsi Jigoro Kano alivyoanzisha judo mwaka 1882 na kuwapambanua wanafunzi wake kwa mikanda, na jinsi Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alivyopeleka karate Tokyo mwaka 1922, akaazima vazi na mkanda kwa Kano, na mwaka 1924 akatoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate. Kijana mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama ni kweli kwamba zamani mkanda haukufuliwa kamwe, ukaanza mweupe na kuishia mweusi kwa uchafu. Mgeni alitabasamu tu. Mimi nilitaka kujibu, ila aliyekalia visigino hanyooshi mkono ovyo. Pamba naijua. Pamba isiyofuliwa hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha inaoza. Haipiti kwenye njano, ikasalimia chungwa, ikalala kijani. Na kwa hili vumbi letu jekundu la kiangazi, mkanda usiofuliwa hapa ungekuwa mwekundu kabla ya mvua za kwanza, na kwa kuwa katika judo mkanda mwekundu ni wa watu wa dani ya 9 na ya 10, soko la Kenya (nasema ile komine yetu, si nchi ya wenyewe) lingejaa mabingwa wanaouza dagaa.

Alituambia pia kwamba neno karate hapo awali liliandikwa kwa herufi zenye maana ya mkono wa Kichina, likaja kugeuzwa baadaye ili liwe na maana ya mkono mtupu. Nilimtazama mtunza hazina. Hakunitazama.

Mazoezi yenyewe sina nguvu ya kuyasimulia. Tulipiga ngumi kwa hesabu ya Kijapani, ambayo kumi yake hutamkwa «ju», na mtoto mmoja wa mkanda mweupe nyuma yangu aliruka kila hesabu ilipofika hapo.

Mtihani ulikuwa siku ya pili. Kata niliyopangiwa ni Heian Sandan, ya tatu katika zile tano ambazo Anko Itosu wa Okinawa alizitunga kwa ajili ya watoto wa shule, jambo ambalo naomba lisifike masikioni mwa wateja wangu. Heian maana yake ni amani na utulivu. Ina miondoko 20, na katikati yake kuna mahali ambapo unageuka polepole, unaunganisha miguu, unaweka ngumi zote mbili kiunoni na kusonga mbele kwa viwiko, hasa kama mama muuza makaa anapokuja kudai fedha yake mbele ya wageni wako. Sehemu hiyo naifanya vizuri kuliko wote, kwa kuwa mama huyo namfahamu. Kinachonishinda ni kiai, ule ukelele unaotoka tumboni mara mbili katika kata hiyo. Wa kwanza niliukumbuka. Wa pili ulinitoka nilipokuwa nimekwisha kuinama kuwaaga watahini, na mmoja wao akaangusha kalamu.

Ikaja zamu ya kumite, yaani pambano la watu wawili, ambapo mshambuliaji hutangaza kwanza mahali atakapopiga, ustaarabu ambao wanyang'anyi wa usiku bado hawajaupokea. Nilipewa kijana mrefu, mwanafunzi wa chuo kikuu, nami nilikuwa nimevuliwa miwani. «Jodan!» akatangaza, yaani kichwani, na ngumi ikasimama kidole kimoja kutoka puani kwangu kama sheria inavyotaka. Kinga yangu ilifika baada ya yeye kurudi mahali pake na kuvuta pumzi, kama zile nguo za Noeli ninazozimaliza tarehe 27 Desemba.

Matokeo yalisomwa jioni, sanduku la mikanda likiwa wazi juu ya meza. Binti yangu aliitwa mapema: kahawia. Niliutambua mkanda wake kabla hajaufunga, kwa sababu ndio ule ambao umeme uliukatikia nikiwa kwenye mstari wa saba. Alirudi mahali pake, akaupitishia kidole, akaninong'oneza: «Papa, samahani, hapa mstari umepinda.»

«Osu,» nikajibu.

Kisha wakanifikia mimi. «Atarudi baada ya miezi mitatu,» akasoma mtahini. «Kata imeeleweka, ila anainamisha mgongo kama mtu anayetafuta sindano.» Ukumbi ulicheka, na binti yangu alitazama ukutani kwa heshima. Nami nauliza: mgongo ule niliupindia wapi, kama si juu ya vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku lake? Watu walipotawanyika nilimfuata mtunza hazina, ambaye alikuwa akihesabu mikanda ya kijani, rangi niliyokuwa nikiitafuta, na kukuta umebaki mmoja. Nikamwambia kwamba ule mmoja nimekwisha kuulipia. Akasema mkanda ni wa aliyefaulu. Nikamwambia basi nirudishiwe bei ya mkanda. Akasema ada hairudishwi. Nikamuuliza habari za deni. Akasema: «Papa Fundi, leo ni sikukuu.» Nikarudi nyumbani nikiwa nimeushona mkanda, nimeununua mkanda, ninadai fedha ya mkanda, na kimono yangu imefungwa kwa chungwa ileile ya mwaka jana.

Jumatatu asubuhi mtunza hazina alikuja kibandani akitabasamu. Wanahitaji mikanda 12 zaidi ya kijani kwa ajili ya mwezi wa tisa, tena kwa haraka. Na ili nijue kwamba yeye si mtu wa maneno matupu, alikuwa ameniletea sehemu ya deni. Akatoa noti ya dola 20 iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya cherehani. Nikaikunjua. Kona yake ilikuwa imechanika kiasi cha ukucha wa mtoto, na karibu na sikio la yule rais palikuwa na doa la mafuta.

Nikaiinua juani kama nilivyofundishwa. «Papa,» nikamwambia, «hii haipiti.»

Akaitazama noti, akaitazama cherehani, akanitazama mimi kwa mshangao wa kweli.

«Si wewe ni fundi? Ishone.»