Wamenikopi mpaka kosa langu

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa tuisheni alinibishia mbele ya darasa zima. Nilikuwa nawaambia ule mchoro wa upepo kwenye pamfleti yangu ya jografia una kosa, mshale wa mchana nimeuchora unatoka nchi kavu kwenda baharini, wakati mtu yeyote aliyewahi kukaa Kigamboni, pale pwani ya Dar es Salaam, anajua mchana upepo unatoka baharini kuja kwetu, usiku ndo unageuka. Dogo akanyoosha mkono. "Lakini ticha, mbona na kwenye pamfleti ya wale wengine mshale uko hivohivo?"

Akaitoa kwenye begi. Jalada la rangi, nembo ya kituo kingine cha tuisheni, namba ya simu, bei elfu sita. Mimi yangu nauza elfu tatu. Kufungua ndani, ni mimi mtupu. Maswali yangu, mifano yangu, mpaka mshale wangu.

Nikapiga ile namba. Jamaa aliyepokea alikuwa mpole kweli, hata hasira zangu zikakosa pa kushika. Akaniambia mwalimu, sisi sote tunasaidia hawa watoto wasome, elimu ni ya wote. Nikakata simu nikabaki naitafakari hiyo "elimu ni ya wote", maana hata mimi nimeshaitumia sana, na kwa moyo mkunjufu kabisa.

Chuo nimesoma kwa fotokopi. Kitabu kipo kimoja maktaba, unapewa masaa mawili ukae nacho humohumo, darasani tuko zaidi ya mia mbili na mtihani ni wiki ijayo, sasa hapo ungefanyaje? Class representative wetu, sisi tulimwita siaa, anaongea na mtu wa maktaba, kitabu kinatoka kidogo kinaenda steshenari ya getini, sura mbili zinatolewa kopi, kila mtu anachangia ya kwake. Sijutii mpaka leo. Kile kitabu bei yake ilikuwa ni hela yangu ya kula ya mwezi na zaidi, yaani hakuna mchapishaji aliyepoteza mteja pale, kwa sababu mteja mwenyewe hakuwepo.

Na wala si sisi tu. Pale Delhi, India, kuna kiduka cha fotokopi kinaitwa Rameshwari, kiko ndani ya chuo kikuu kabisa, kilikuwa kinawatolea wanafunzi vitini vyenye sura za vitabu walizopangiwa na walimu wao. Mwaka 2012 wakaburuzwa mahakamani na watu wazito, wachapishaji wa vitabu Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, wakashitakiwa wao pamoja na chuo. Septemba 2016 jaji akawapa ushindi wenye duka, akasema hakimiliki si haki iliyoshushwa na Mungu, na sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya mafunzo. Rufaa ikaenda, ikarudishwa chini wakaangalie kama zile kurasa kweli zilihitajika kwenye masomo, na mwaka 2017 wachapishaji wenyewe wakaifuta kesi.

Sasa nenda Marekani uone. Kazi ileile. Kinko's, kampuni ya maduka ya fotokopi, walikuwa wanatengeneza vitini vya namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, mwaka 1991 mahakama New York ikawaamuru walipe dola 510,000. Mwaka 1996 duka lingine la Ann Arbor, jirani na chuo kikuu cha Michigan, nalo likapigwa chini, majaji 8 kwa 5. Mwenye duka alisema hawa wanafunzi wangeweza kujitolea kopi wenyewe na isingekuwa kosa, mimi nimewarahisishia tu. Wakamwambia hapana, wewe uko kwenye biashara.

Mimi hapo niko upande wa Delhi, nasema wazi. Ila sababu yangu si ile ya "elimu ni ya wote". Kijana wa steshenari akikutolea kopi kumi za sura ya tatu au kopi kumi za cheti chako cha kuzaliwa, bei ni moja. Anauza karatasi, wino na umeme. Hajali kilichoandikwa. Lakini yule aliyeweka nembo yake juu ya pamfleti yangu akaiuza elfu sita, kurasa 48, hebu piga hesabu ya karatasi na wino halafu niambie hiyo hela nyingine ni ya nini. Ni ya usiku wangu niliokesha natunga maswali. Hivyohivyo na magrupu ya Telegram yanayouza pdf za vitabu vya watu "kwa bei ya kutupwa", hata karatasi hamna pale, kinachouzwa ni jasho la mtu tupu.

Sheria yetu hapa Tanzania, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ukiisoma kwa utulivu, haina roho mbaya kama watu wanavyodhani. Inakuruhusu kunukuu, inaruhusu kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia kwa kiasi kinachohitajika, mradi iwe kwa haki na utaje chanzo na jina la mwandishi. Jina tu! Kitu cha bure kuliko vyote ndicho tunachokiruka. Halafu kuna wenzetu wamekosea upande wa pili, wanaamini ukishaandika "chanzo: Google" basi umemaliza. Google hajapiga ile picha jamani. Na hata ukimtaja mwenyewe halisi, kumtaja si kumuomba.

Wengine wanasema mwandishi si kashafariki. Kwetu hakimiliki inaendelea miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo Shaaban Robert aliyefariki 1962 ulinzi wake ulifika mwisho wa 2012, lakini jalada, utangulizi na maelezo ya toleo lililochapwa juzi yana wenyewe, usiyachote na hayo.

Na vya halali vipo vingi tu, tatizo hatusomi masharti. Maandishi ya Wikipedia unaweza hata kuyatia kwenye pamfleti ukauza, ila utaje yametoka wapi na wewe uyaachie wengine kwa masharti yaleyale. Masomo ya bure mtandaoni ya MIT, kile chuo kikuu cha Marekani, hayo kufundishia ruksa, kuuza hapana. Leseni mbili tofauti, na dakika tano za kusoma zinatosha.

Haya, nimewasema wenzangu sana, sasa nijiseme. Siku nimekaa kuurekebisha ule mshale nikafungua kitabu nilichoutoa ule mchoro. Ndio, nilikuwa nimeutoa kwenye kitabu cha watu, kile cha kiada, nikauchora upya harakaharaka na ndo nikageuza mshale. Sikutaja kitu. Kwamba upepo unavuma hivi au vile hakuna mwenye hatimiliki, lakini mpangilio wa ule mchoro, mawingu yake, kimtumbwi chake pembeni, mtu alikaa akaufikiria, na mimi nilikuwa nauza elfu tatu na kimtumbwi kikiwemo. Kwa kipimo changu mwenyewe cha karatasi na wino nami sikupona, bei yangu tu ndo ilikuwa ndogo.

Nikachora wa kwangu, ufukwe wa Kigamboni na pantoni badala ya mtumbwi, na maswali mawili niliyoyapenda ya kile kitabu nikayaacha na jina la mwandishi chini yake. Toleo jipya nimelitoa mwezi wa pili. Jamaa mpole bado anauza lile la zamani, elfu sita, na kwake saa saba mchana upepo bado unatoka Kigamboni unaelekea Bahari ya Hindi.