Ufilipino 1898: Je, Marekani haikuwa na njia nyingine?

Wanaoitetea Marekani kwa kuichukua Ufilipino wana hoja moja nzito, na wapinzani wao huipita haraka mno. Tarehe 1 Mei 1898, Marekani ikipigana vita na Hispania iliyovitawala visiwa hivyo, kikosi cha majini cha Mmarekani George Dewey kiliziangamiza meli za Hispania katika Ghuba ya Manila, na baada ya hapo visiwa vikawa kama havina mlinzi. Manowari za Ujerumani zilifika katika ghuba hiyohiyo, nyingi kiasi cha kumtia Dewey wasiwasi, na mwaka uliofuata Ujerumani ikanunua kwa Hispania visiwa vya Caroline na Mariana. Sisi Watanzania hatuwezi kuidharau hofu hiyo: Julai ya mwaka huohuo wa 1898, Mkwawa alijiua asitiwe mikononi na Wajerumani. Anayesema Ufilipino ingemezwa na dola nyingine hasemi uzushi.

Lakini hoja hiyo inawaruka wenye visiwa. Wafilipino walikuwa wameinua silaha dhidi ya Hispania tangu 1896. Kiongozi wao, Emilio Aguinaldo, alitangaza uhuru mjini Kawit tarehe 12 Juni 1898, na Januari 1899 ikazinduliwa jamhuri yenye katiba kule Malolos. Hata kabla ya jamhuri hiyo, wapiganaji wa Aguinaldo walikuwa wameizingira Manila. Ndipo likatendeka jambo ambalo, kwangu, linafichua nia kuliko hotuba zote za Rais William McKinley: tarehe 13 Agosti 1898 makamanda wa Marekani na wa Hispania walipigana pambano walilokwisha kupatana, ili mji uangukie kwa Wamarekani na Wafilipino wabaki nje. Desemba Hispania ikatia saini Paris mkataba wa kuikabidhi Marekani visiwa, Marekani ikalipa dola milioni 20. Felipe Agoncillo, mjumbe wa Aguinaldo, hakupewa nafasi katika mazungumzo hayo.

Njia ya tatu, ya kuwaachia Wafilipino uhuru wao, ilikuwepo, na ilijadiliwa Washington kwenyewe. Kabla ya vita na Hispania, Bunge la Marekani liliahidi kutoitwaa Cuba. Ahadi hiyo baadaye ilitiwa pingu nyingi, lakini ilitolewa. Februari 1899 Seneta Augustus Bacon wa Georgia alitaka Wafilipino nao waahidiwe uhuru wao. Kura zikalingana, Makamu wa Rais Garret Hobart akapiga ya kwake, pendekezo likaanguka. Huwezi kusema hapakuwa na la kufanya wakati jambo liliamuliwa kwa kura moja.

Wamarekani waliopinga ubeberu huo nao si wote walikuwa na moyo safi. Mwandishi Mark Twain alikuwa miongoni mwao, lakini pia Seneta Benjamin Tillman wa South Carolina, ambaye hakutaka watu wasio weupe waongezwe chini ya bendera yake. Ubaguzi ulikuwa pande zote mbili za ule mjadala.

Wakati wanabishana, risasi kati ya Wamarekani na Wafilipino zilikuwa zimeshaanza Manila, tangu tarehe 4 Februari. Vita vilivyotangazwa kwisha Julai 1902 viliua Wamarekani zaidi ya 4,000 na wapiganaji wa Kifilipino wapatao 20,000. Raia waliokufa kwa mapigano, njaa na kipindupindu hukadiriwa kuwa 200,000 au zaidi. Kisiwani Samar, Jenerali Jacob Smith aliamuru auawe kila mwanamume aliyezidi miaka kumi anayeweza kubeba silaha. Adhabu yake ikawa karipio na kustaafishwa.

Watetezi hujibu kwa shule, na shule zilikuwepo kweli: mwaka 1901 meli Thomas ilileta walimu wapatao 500, na elimu ya msingi ikaenea kuliko enzi za Wahispania. Nalikubali hilo bila kinyongo. Ila jamhuri ya Malolos haikupewa hata mwaka mmoja wa amani ionyeshe ingejenga shule ngapi.

Sheria ya kuwapa uhuru ilipopita mwaka 1934, waliokuwa wakiisukuma Washington ni pamoja na wakulima wa sukari wa Marekani, waliochoka kushindana na sukari ya visiwani. Sheria hiyohiyo iliweka kikomo cha wahamiaji wa Kifilipino: watu 50 kwa mwaka.